Msanii Apewe Nauli

Daftari la kikao liko kwangu, kwa hiyo mstari wenyewe naweza kuunakili jinsi ulivyo. Hema na viti, 3,200,000. Mapambo, 2,500,000. Ng'ombe wawili, 4,000,000. Keki, 900,000. Wapiga o'di, nauli.

Mbele ya nauli hakuna tarakimu. Mwenyekiti alisema hiyo tutaiona siku yenyewe.

Tulikuwa kwenye bustani ya baa moja Kireka, pembeni mwa Kampala, Jumapili baada ya kanisa, tukipanga harusi ya binti wa shangazi yangu. Bwana harusi ni mtu wa Busia, upande wa Kenya, na wazee wake walikuwa wamefika, kwa hiyo kikao kilikwenda kwa Kiswahili tangu sala ya kufungua. Sisi Wamadi Kiluhya hatukijui, wao Kimadi hawakijui, na Kiganda cha pande zote mbili ni cha kununulia nyanya.

Shangazi alikuwa na ombi moja tu. Alitaka binti yake aingie ukumbini kwa o'di, kinubi cha kwetu, kama yeye mwenyewe alivyoingia. Kazi ya kumtafuta mpigaji nikapewa mimi. Nilimpata: mzee aliyevuka sitini, askari wa usiku kwenye ghala moja huku eneo la viwanda, pamoja na wenzake wanne, mmoja wao dereva wa boda boda. Waliomba 700,000 kwa siku nzima, watu watano, mazoezi yakiwa humo humo.

Mwenye hema hakuombwa apunguze hata shilingi. Wa mapambo aliombwa kwa adabu, akapunguza laki mbili. Ilipofika zamu ya mzee, kikao kizima kikacheka. Kilikuwa kicheko cha upendo kabisa. Sauti moja ikasema, "Hao ni watu wetu, watakula."

Shangazi akainama akapanga upya vifuniko vya soda mezani.

Wiki zimepita na jambo hili bado halijanitoka.

Kitu anachokipenda

Ingekuwa rahisi kama watu wale wangekuwa wachoyo. Mwenyekiti ni mjomba wangu, mhandisi mstaafu, na nusu ya ukoo wetu imesoma kwa fedha zake. Nilimfuata alipokuwa anaelekea kwenye gari lake, nikamwambia 700,000 kwa watu watano si fedha nyingi. Hakukasirika. Aliniuliza swali.

"Mwenye hema umewahi kumwona anasimamisha hema usiku, peke yake, kwa raha zake? Yule mzee usipomwita atapiga, na ukimwita atapiga. Sasa mtu unamlipaje kwa kitu anachokipenda?"

Jibu lilinijia nikiwa njiani kurudi nyumbani, kama kawaida ya majibu. Mjomba mwenyewe aliipenda kazi yake kuliko watu wengi ninaowajua. Tukipita kwenye daraja alilosimamia, lazima gari lipunguze mwendo ili tusimuliwe habari za nguzo. Na pensheni yake anaifuata benki kila mwezi bila haya yoyote.

Nililifurahia jibu hilo, kisha nikaanza kulitilia shaka. Mjomba hajawahi kujenga daraja bila kuagizwa. Mzee wa o'di kweli atapiga hata asipoitwa. Kuna kitu ndani ya swali la mjomba ambacho mfano wa daraja haukigusi, na ninyi mnaopiga gitaa, mnaochora, mnaoandika mashairi usiku watoto wakishalala, mnakijua. Tulipwe tusilipwe, tungefanya.

Ila bado kuna hiyo nauli. Nchi hii mtu akihudhuria semina hotelini hupewa nauli hata kama alikuja kwa miguu, na hakuna anayeiita mshahara, kwa sababu mshahara wake uko mahali pengine. Kwa msanii, nauli ndiyo yote. Atoke, aje, atumbuize, arudi alikotoka, na hesabu yetu naye imekwisha: tumemrudisha pale pale tulipomkuta.

Samli

Nilikwenda kumwona mzee kabla ya zamu yake, getini, tukakaa kwenye benchi la mbao. O'di yake ilikuwa ndani ya gunia la unga wa mahindi. Aliitoa polepole: bakuli la mti lililofunikwa ngozi, mikono miwili ya mti inayopanda juu, mti wa tatu umelazwa juu yake, na nyuzi zimefungwa hapo kwa vitambaa ili zisiteleze. Ngozi ilikuwa na alama nyeusi ya kiganja, pale mkono unapoegemea.

Aliniambia zamani mti wa kuchongea haukukatwa hivi hivi, uliombewa kwanza. Na kwenye matanga wasichana walileta samli ya kulainisha ngozi na nyuzi. Siku hizi anapaka mafuta ya kujipaka, yale ya watoto. Harufu yake nzuri, akasema, lakini ngozi haiyapendi.

Mwaka 2016 UNESCO iliuweka muziki huu wa Wamadi kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Miaka minne kabla, bigwala za Busoga, zile tarumbeta za vibuyu, ziliingia orodha hiyo hiyo. Mzee alizisikia habari hizo redioni akiwa lindoni.

Nikamuuliza baba yake alikuwa analipwa kiasi gani.

Hakulipwa, akasema. Lakini msimu wa palizi ukifika, vijana wa ukoo walianzia shambani kwake. Paa lilipobomoka, lilisimamishwa kabla hajaomba. Ng'ombe akichinjwa, kulikuwa na sehemu yake inayojulikana, na mtoto wa miaka saba angeweza kukuonyesha ni ipi.

Hapo ndipo mawazo yangu yalipogeuka. Nilikwenda nikiamini kwamba watu wetu hawakuwahi kuithamini sanaa, na kwamba fedha ndiyo dawa. Kumbe palikuwa na mkataba, mkamilifu, ambao haukuandikwa. Mpigaji alikuwa wa wote kwa sababu wote walikuwa wake. Tulipohamia Kampala tulibeba nusu moja ya mkataba huo, ile inayotufaa. "Ni watu wetu" tumebaki nayo. Palizi tumeiacha Adjumani. Shamba la mzee sasa ni chumba cha kupanga Namuwongo, na hakuna kijana wa ukoo anayekwenda kukipalilia kila mwisho wa mwezi.

Mwenyewe, hata hivyo, hakukubaliana nami kabisa. Aliwahi kualikwa kwenye harusi ya matajiri, akalipwa vizuri, hata chakula chake kikaletwa na mhudumu mwenye glavu. Kisha akaambiwa apige wakati wa kukata keki, na apige taratibu, MC asikike.

"Mkinilipa kama hema," akasema, "mtaniambia nisimame wapi."

Sikujibu. Bado namfikiria huyo MC.

Aliye kwenye noti

Katika kikao kile mhazini alihesabu michango mezani, noti za elfu ishirini na za elfu hamsini, akizigonga kingo ziwe sawa. Kama una noti ya Uganda karibu, itoe. Tangu toleo la 2010, noti zote, ya elfu moja mpaka ya elfu hamsini, zina picha ya sanamu moja upande wa mbele: umbo refu lililoviringishwa kama kwa bendeji, linamwinua mtoto aliyenyoosha mikono juu. Ni sanamu ya uhuru, ile iliyoko Nile Avenue mjini, iliyosimamishwa 1962.

Nimekuwa nikiwauliza watu ni nani aliyeichonga. Muuza chipsi, karani wa benki, dereva wa boda, mwalimu mkuu mmoja. Wengi wanasema mzungu. Karani wa benki alisema ni ya serikali.

Ni Gregory Maloba. Alizaliwa Mumias, Kenya, mwaka 1922, akaja Makerere kusoma kwa Margaret Trowell, yule mama aliyeanza kufundisha sanaa mwaka 1937 barazani kwake, kisha Maloba naye akawa mwalimu wa uchongaji hapo hapo. Enzi hizo kijana wa Afrika Mashariki mwenye mkono wa kuchora alipandishwa basi kuja Kampala. Sam Ntiro na Elimo Njau walitoka Tanganyika, wakapita hapa. Leo ukimwambia mzazi mtoto wako ana mkono wa kuchora, anakuuliza kama anaweza hesabu.

Nilimpigia simu baba wa bwana harusi nikamweleza kwamba mtu aliye kwenye fedha zetu ni jirani yao. Alifurahi mno. "Maloba? Hilo jina ni la kwetu kabisa!" Kisha, mfanyabiashara hafichi asili yake, akauliza, "Na watoto wake wanapata nini kila noti ikichapishwa?"

Noti hizo hizo zina michoro ya mikeka na vikapu pia. Nenda pale vibandani nyuma ya jengo la National Theatre ukasikilize watu wanavyopatana bei ya kikapu na mama aliyekisuka. Noti yenye picha ya kikapu inakunjwa mkononi, na mwenye noti anaapa kwamba kikapu hakiwezi kufika elfu thelathini.

Chumba cha walimu

Nina rafiki anayefundisha Kiswahili na historia kwenye sekondari moja ya serikali. Anakaa meza moja na mwalimu wa fizikia. Walianza kazi mwaka mmoja, wana shahada za chuo kimoja, na kwa miaka mingi walichangia chupa moja ya chai.

Tangu mwaka wa fedha 2022/23, mwalimu wa sayansi mwenye shahada analipwa shilingi milioni nne kwa mwezi. Wa sanaa, yaani wa masomo kama historia na lugha, akabaki kwenye kidogo zaidi ya milioni moja. Maelezo ya serikali yalikuwa kwamba sayansi ndiyo itakayoivusha nchi, na wengine watafikiwa fedha zikipatikana. Walimu waligoma Juni 2022. Wale wa sanaa wakagoma tena Juni 2025.

Mwanzoni sikuona uhusiano wa jambo hili na mzee wa o'di. Mwalimu wa historia si msanii. Lakini sikiliza watu wanavyolitetea pengo hilo na utamsikia mjomba wangu neno kwa neno. Historia ni hadithi tu. Lugha kila mtu anaongea. Hao wanapenda kusoma, watasoma hata usipowalipa.

Na kuna hili. Mwanzoni mwa Julai 2022, wiki zile zile za mgomo, baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hapa kwetu, na kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari. Tulipongezana sana kwenye simu. Rafiki yangu alipokea pongezi hizo akiwa nyumbani, kwenye mgomo. Mwalimu wa Kiswahili ni mwalimu wa sanaa. Lugha ilipandishwa cheo, mwalimu wake akabaki na mshahara ule ule, na daftari za insha za kusahihisha zikaongezeka.

Chai siku hizi kila mtu anakuja na chupa yake. Hawakugombana. Mwalimu wa fizikia alijitolea kuwa anainunua yeye peke yake, na hapo ndipo ilipoharibika.

Mnunuzi mmoja

Mtu akiniambia sanaa haina thamani Uganda, namwuliza kama anakumbuka Oktoba 2015.

Mwezi ule kundi la wanamuziki wakubwa kuliko wote nchini walitoa wimbo mmoja wa kumwunga mkono mgombea wa chama tawala. Hapo hakuna aliyezungumzia nauli. Mashabiki walikasirika vibaya, wengine wakaapa kutohudhuria tena maonyesho yao. Nakumbuka hasira hiyo ilivyojaa kwenye taksi, redio ikizimwa kwa kelele za abiria.

Upande wa pili tunaujua. Mwanamuziki Bobi Wine alipoingia bungeni mwaka 2017 kupitia jimbo la Kyadondo Mashariki, maonyesho yake yakaanza kuzuiwa moja baada ya jingine, mpaka lile la Busabala la Aprili 2019 polisi walipofunga njia. Na kabla ya haya yote kuna Byron Kawadwa, mkurugenzi wa National Theatre na mwandishi wa tamthilia, aliyechukuliwa na watu wa Amin mwaka 1977 akauawa. Hakuna serikali inayohangaika hivyo na kitu kisicho na thamani.

Wenye madaraka bei ya wimbo wanaijua, hata wanapolipa kwa risasi. Ni sisi wa kamati za harusi tunaojifanya hatuijui.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na rafiki zangu wengi wa upinzani. Tulipowazomea wale wa 2015, hatukujiuliza nani mwingine alikuwa amewahi kuwalipa. Studio inataka fedha yake, video inataka, mtangazaji wa redio naye anataka ya kwake ndipo wimbo upigwe, ingawa hilo husemwa kwa mafumbo. Kisha sisi tunaupokea wimbo bure kwa simu, tunaucheza kwenye harusi, na mwenyewe akiomba 700,000 tunacheka. Soko likiwa na mnunuzi mmoja tu anayelipa bei kamili, bidhaa itakwenda kwake. Siwasafishi wale wanamuziki. Wengine walikuwa na fedha za kutosha na wangeweza kukataa, kama wachache walivyokataa. Nasema tu kwamba mnunuzi yule tulimwachia soko lote, halafu tukashangaa kwamba kila mtu anamwimbia yeye.

Nimelirudia wazo hili mara nyingi, nikitafuta lilipo na ufa, na ufa uko kwa yule mzee. Yeye hajawahi kumwimbia mwanasiasa. Ana kazi ya lindo, na lindo ndilo linalomlindia uhuru wake wa kupiga anavyotaka. Labda njia ni hiyo: msanii awe na kazi nyingine, alale saa nne kwa siku, apige kwa hiari. Lakini hao wenzake wanne, nilipowauliza faragha, watatu walisema mzee akifa wataacha.

Mpira hukatwa

Baada ya kumsumbua kila mtu, nikamgeukia mwenye baa ninapokwenda jioni, mtu mwerevu, mkimya, anayeweka risiti zake zote kwenye kopo la maziwa ya unga. Tunayo sheria ya hakimiliki tangu 2006, na kwa sheria hiyo anayepiga muziki wa mtu hadharani kwa biashara yake anapaswa kumlipa. Nilitaka kujua kama analipa.

Alimwaga kopo mezani, tukazipitia. Leseni ya jiji. Umeme. Ulinzi. Takataka, elfu thelathini kwa mwezi. Televisheni ya mpira, hiyo hailali hata siku moja bila kulipiwa.

"Na muziki?"

Aliangalia spika kama vile ndiyo kwanza anaiona. Muziki unatoka kwenye kadi aliyojaziwa nyimbo na kijana wa duka la simu, elfu tano, mwaka juzi. Ndani ya kadi hiyo zimo zile nyimbo za Krismasi za Philly Bongoley Lutaaya, ambaye kabla ya kufariki Desemba 1989 alikuwa Mganda wa kwanza mashuhuri kutangaza hadharani kwamba ana UKIMWI. Kila Desemba baa hii, kama maduka na taksi zote za Kampala, huuza kwa sauti yake.

"Mpira nisipolipa wanaukata," akanieleza, kwa upole, kama anayemfundisha mtoto biashara. "Ukikatwa Jumamosi, watu wote hawa wanavuka barabara. Muziki nani ataukata?"

Nikamuuliza, tuseme angekuja mtu mwenye kitambulisho na risiti halali, yeye angeona ni haki alipe kiasi gani kwa mwezi kwa nyimbo zote anazopiga, za wafu na za walio hai.

Alifikiri kweli kweli. Aliangalia wateja waliokuwepo, akahesabu kreti zilizorudi tupu.

"Elfu ishirini," akasema.

Takataka, nikamkumbusha, analipia thelathini.

"Takataka wasipozichukua zinanuka."

Nikamwambia aanze na hiyo ishirini.